Difu la Lori Kisimani

Bariadi, Agosti 1994

Mke wangu Nyanjige,

Mwangaluka! Bibi yako hajambo, ila bado anakuonea wivu. Pamba siku hizi inanunuliwa na kila mwenye mizani, kelele tupu.

Mjukuu wangu, unasema utaacha masomo ya uinjinia, maana mwalimu wenu aliwaambia mbuni kitu kisichokuwemo kitabuni, na mashine yako ya kisimani imegoma. Mashine haijagoma, wewe! Waliogoma ni ng'ombe. Wamezoea kulima kwa kunyooka na kusimama mwisho wa shamba. Wewe ukataka wazunguke kisima. Tangu uondoke natembea mbele yao na majani ya viazi, nazunguka kama mwendawazimu, watu wananicheka.

Jana wakazunguka wenyewe. Lile difu la lori bovu la ushirika, ulilolifunga pale kisimani, meno yake yakageuza mzunguko wao, likazungusha pampu, maji yakapanda kutoka chini kabisa, yakanimwagikia miguuni. Nikavua kofia, mimi nisiyeivua hata kanisani.

"Mzee, unalia?" bibi yako akauliza.

"Ni maji ya Nyanjige haya," nikamjibu.

Mlete huyo mwalimu ayanywe. Halafu mwambie unaacha, kama mdomo utafunguka.

Babu yako mtundu,
Luhaga