Zainabu, Walikuja na Basi Siku Tisa Baadaye

Zainabu mwanangu,

Anayeandika ni Rukia, binti yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asirembeshe kitu. Nikitukana, aandike hivyo hivyo. Akilia tunangoja, anapangusa karatasi, tunaendelea.

Wacha nianze na mabaya, kwa sababu mazuri si mengi. Mimi na mjomba wako Mutiso hatuongei.

Ile Alhamisi ulipotutoka alfajiri, mimi mwenyewe nilimpigia simu ndugu yangu. Nikamwambia, "Mutiso, Zainabu amekufa. Tunazika leo." Akasema, "Pole dada, nimesikia." Nikajua amesikia. Kumbe alisikia mwanamke mzee aliyechanganyikiwa na kilio. Kwao Kangundo, na ni kwetu pia, nani huzika leo? Mtu hulala mochari wiki nzima, kamati inakaa, picha zinachapishwa, ng'ombe anatafutwa. Niko Mwislamu zaidi ya miaka arubaini na ndugu yangu wa tumbo moja hakuwa bado anajua tunazikana vipi. Angejulia wapi? Babako alipokufa hakuja hata mmoja wao. Walikuwa bado wamenuna kwamba niliolewa msikitini.

Na mimi kosa langu ni kwamba sikurudia. Ningempigia tena saa nne. Kangundo si mbali hivyo. Angetoka saa hiyo angefika kabla ya alasiri, angekubeba begani na wanaume wengine. Lakini saa nne nilikuwa nakuosha.

Nilikuosha mimi, na wanawake wawili wa msikitini. Lile kovu la goti, la siku ulianguka na debe la nyanya, lilikuwa bado hapo. Nilipolifikia mkono ukakataa. Mmoja akaniambia, "Mama Zainabu, toka tukumalizie." Nikamuuliza, aliyemwosha mara ya kwanza ni wewe ama ni mimi? Nikamaliza.

Halafu nikawaomba wangoje kidogo. Siku moja tu. Nilitaka kukuangalia siku moja. Mzee wa msikiti akaniambia kwa upole, "Mama, maiti hacheleweshwi. Kuwa na subira, huu ni mtihani." Mtihani! Mimi sikuingia darasani hata siku moja, na mitihani yote naletewa uzeeni. Nilikuwa na kikombe mkononi. Mungu ndiye alikishika, mimi nilikuwa nishaanza kukirusha.

Wanaume wakakubeba wakaenda. Mimi nikabaki mlangoni. Saa kumi na moja kila kitu kilikuwa kimeisha, na sufuria za kupikia wageni zilikuwa bado hazijachemka.

Sasa sikia hii. Jumamosi ya wiki iliyofuata, basi zima likasimama hapa nje, Kitengela. Wakashuka watu karibu arubaini, nguo nyeusi, wengine fulana zenye picha yako. Walikuwa hata na kitabu kidogo cha historia ya maisha yako, na juu yake, Rukia alinisomea, jina ni Mwende. Jina alilokupa mama yangu na ambalo wewe hukuliitikia tangu ukiwa mtoto. Kumbe Mutiso alikuwa ametuma jumbe saba kwa simu akipanga Jumamosi. Mimi sisomi. Rukia siku hizo alikuwa hagusi simu wala chakula.

Mutiso akaniuliza, "Mwili uko wapi?"

Nikamwambia, "Kajiado, kando ya babake."

"Mochari ya Kajiado?"

"Kaburini, Mutiso. Leo ni siku ya tisa."

Halafu mkewe akasema, na alisema kwa sauti ndio majirani wasikie, "Mmemzika kama kuku aliyekufa na ugonjwa."

Mutiso alikuwa ameshika shada la maua, hajui aliweke wapi. Mwishowe akaliacha juu ya magunia yangu ya vitunguu vya kuuza. Mbuzi wa jirani akalila lote, na utepe.

Nikuambie sasa kile sijamwambia mtu. Rukia, andika, usiniangalie hivyo. Moyoni nilikuwa upande wao. Ile siku moja niliyonyimwa, wao walikuwa wamekuletea tisa. Nikaona Mungu amekuchukua mara mbili: alfajiri, halafu tena alasiri, na ile ya alasiri ndiyo iliniuma zaidi.

Basi nikaacha kuswali. Lakini sikuacha kama mtu mkweli. Niliacha kama mwizi. Nilikuwa natandika mswala, nainama, nainuka, midomo inacheza na ndani hakuna kitu. Nilifanya hivyo kwa sababu ya huyu mtoto. Nilisema, nyanya yake akianguka ataanguka naye. Wiki tatu nimemdanganya Rukia, na Mungu nimemdanganya mbele ya macho yake.

Na iliniuma kwa sababu Alhamdu sikufundishwa na sheikh. Nilifundishwa na wewe. Babako alikuwa barabarani na lori lake siku zote, mimi nilikuwa nafuata watu tu, wakiinama nainama. Ukiwa darasa la pili ukanikuta nachambua vitunguu vilivyotoka Kimana, ukaniambia, "Mama, sema na mimi." Aya moja mpaka gunia liishe. Nikikosea unanionyesha mwiko. Mtoto hana meno mawili ya mbele ananitisha na mwiko! Nilicheka mpaka nikakosea tena.

Aliyenishika kwa kosa langu alikuwa Mama Wanjiru, jirani. Mkristo, ndiyo, na Jumapili anaimba mpaka mabati yanaitikia. Alikuwa ananiletea uji kila asubuhi tangu ufe. Siku moja akaweka kikombe chini kwa nguvu: "Mama Zainabu, uko na shida gani? Mimi huamka nikisikia wewe unakohoa na kumwaga maji alfajiri. Sasa siku hizi unaamka jua likitoka. Nimekosa lori la nyanya mara tatu kwa sababu ya Mungu wako!"

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikaona haya, mwanangu, haya kubwa. Mtu wa kanisa alikuwa ameona shimo kwa sala yangu kabla ya mimi kukubali liko.

Kesho yake nikaamka, nikatawadha na maji baridi, nikasimama. Nikaanza Alhamdu. Nikafika kwa Mola wa walimwengu wote, ikakwama. Haikupanda, haikushuka. Nilimaliza nilivyoweza, nikatoa salamu, nikabaki nimeketi pale pale. Halafu nikaongea naye Kikamba, hiyo ndiyo mdomo wangu hauwezi kudanganya nayo. Nikamwambia: nimekukasirikia. Umenichukulia mtoto mmoja niliyekuwa naye. Lakini siendi popote, kwa sababu mtoto wangu ako kwako, na mimi nitamfuata wapi kama si hapa?

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli tangu ufe. Sijui masheikh watasema nini. Nawasikia wakihubiri kwamba mwenye imani hatikisiki. Si kweli. Mimi nimetikisika kama mabati kwa huu upepo wa Kitengela. Lakini mabati yakitikisika na misumari ishike, nyumba si bado iko na paa? Watu wanadhani subira ni kunyamaza na kuinamisha kichwa. Yangu iko na meno.

Jumapili iliyopita Mutiso akarudi, peke yake. Nikampikia chai. Akasema vizuri, sitamsingizia mtu aliyekuja na maneno mazuri. "Dada, wewe ni mzee. Rudi nyumbani na mtoto. Chumba kipo, shule ipo. Turudi kanisani pamoja, na siku yako ikifika tutakuzika na heshima, kando ya mama yetu. Hapa nani atakuzika?"

Zainabu, hilo swali lilinikata. Baba ya Rukia ako Rombo na mke mwingine, alituma pole kwa simu na hapo ndipo pole iliishia. Hapa niko na nani? Msichana mmoja na jirani mmoja. Na kando ya mama yangu, nani hataki kulala kando ya mama yake?

Halafu nikamwambia, "Mutiso, nikisema ndiyo, huyu mtoto atajifunza kwamba Mungu ni kitu mtu anabadilisha akifiwa. Nitazikwa Kajiado, siku hiyo hiyo. Ukipigiwa simu, usingoje."

Akasimama. Akasema, "Basi wewe huna kwenu." Akaenda, hajagusa kikombe. Nikanywa vyote viwili, changu na chake, na machozi nikayanywa humo humo.

Sitakudanganya kwamba nimepoa. Naamka na uchungu na nalala nao. Wanaoniambia umeenda mahali pazuri nawaitikia amina, halafu wakiondoka nafunga mlango kwa nguvu.

Lakini nakuahidi mambo haya, na Rukia ndiye shahidi kwa sababu ndiye anaandika. Sitajifanya tena naswali. Nikishindwa kusimama nitaketi, nikishindwa kuketi nitalala ubavu, lakini nitasema maneno yote nikiwa ndani yake. Rukia ataenda shule, na hakuna mtu atamwita jina ambalo hakulichagua. Na Mutiso nitampigia simu kila Ijumaa. Asiposhika, nitapiga Ijumaa ingine. Sijui kama nampigia kwa upendo ama kwa hasira, lakini undugu haukatwi na mimi. Akitaka kuukata, akishike kisu yeye mwenyewe.

Mungu akupanulie hapo ulipolala, mama. Akuwekee mwanga, na akusamehe yale makosa madogo, makubwa sikuyaona. Nitakuja. Lakini si haraka, niko na mtoto wako wa kulea.

Adhana ya adhuhuri ndiyo hiyo. Rukia, weka kalamu chini, tukatawadhe.

Mamako, ambaye bado amekasirika na bado anaswali.