Sufuria za Amisi

Marahaba, mjukuu wangu Zaina. Huku Ujiji mama yako hajambo, na wiki hii dagaa wamepatikana.

Umeuliza kwa nini mdogo wangu Amisi alirudi Kongo, sisi tukabaki. Nilimrudisha mimi.

Tulikuwa wakimbizi hapa redio iliposema mtawala wa kwetu amekimbia. Ufukweni watu walicheza kutwa. Amisi hakucheza.

"Dada, hao askari wa nchi jirani waliomng'oa wataondoka lini?"

Nikamwita mwoga. Nilitaka atangulie kututengenezea nyumba. Kwetu, anayehama huwagawia majirani vyombo vyake vya jikoni, na akishavigawa haviombi tena. Basi alipokuwa ziwani, nikazigawa sufuria zake zote. Aliporudi aliona haya kuziomba. Akavuka.

Baadaye wale waliokuja kusaidia wakageukiana wao kwa wao, vita ikaanza upya. Hatukumsikia tena.

Jirani mmoja alinirudishia sufuria moja, ameisugua mpaka inang'aa. Sikuwa nimemwomba. Sijaipikia hata siku moja. Ukija likizo utaiona juu ya kabati. Tafadhali usiishushe.

Bibi yako