Jogoo Aliyekataliwa Chanji

Mwanangu Deo,

Nimekasirika, na naanza na hilo usije ukadhani nakuandikia kukubembeleza. Miezi mitatu sasa uko Chala unasaga mahindi ya watu mashineni, simu yangu hupokei, salamu zako naletewa na makondakta. Mimi niliyekuzaa nipate habari zako kwa konda?

Unakumbuka siku niliyokupeleka kwa mshauri kule Chanji? Tangu muanguke na pikipiki mkitoka shamba, baba yako akafa ukabaki wewe, ulikuwa huli, hulali, husemi. Nikambeba yule jogoo mwekundu, nimemfunga miguu, maana kwetu huendi mikono mitupu kwa mtu anayekutibu. Yule mshauri, kumbe binti mdogo tu, akaniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu akamkataa jogoo. "Mama, hapa hatupokei zawadi." Loh! Nikaona kanidharau. Wewe ukacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, nami nikakutolea macho.

Akakuuliza kama unalala. Nikajibu mimi. Akauliza chakula, nikajibu mimi. Akaniomba nikasubiri nje kwenye benchi, nikagoma. Mtoto abaki na mgeni, mama mzazi afukuzwe? Akauliza siku ya ajali ilikuwaje. Ukafungua mdomo, nikakuwahi: "Halikuwa kosa lake, ni mapenzi ya Mungu." Ukasimama. "Basi ongea wewe, mama." Ukatoka, yeye akakufuata mpaka getini mkaongea kitambo. Kesho yake ukapanda basi, hata kuniaga hukuniaga.

Nilirudi Chanji kumgombeza. Nikamwambia anieleze ulimwambia nini pale getini. "Hilo ni la Deo, mama. Akitaka atakwambia mwenyewe." Nikafoka mpaka sauti ikakauka. Akanisikiliza wee, halafu akauliza, "Na wewe mama, siku ile ilikuwaje kwako?" Deo, watu walijaa msibani siku nne na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Sasa naenda kila Alhamisi. Nilidhani mshauri kazi yake ni kukwambia fanya hivi, acha vile. Wapi! Anauliza, ananyamaza, anakungoja. Mara mbili nimemwambia sirudi tena, na nimerudi. Nikamjaribu pia: nikamwambia uongo mmoja mkubwa juu yangu, nikasubiri kuusikia kwa majirani hapa Kizwite. Wiki tatu, kimya.

Ndipo nikamwambia la kweli. Lile nililokwambia nyuma ya jiko siku ya mazishi, una bandeji kichwani: "Ungeenda polepole, baba yako angekuwa hai." Ukajibu, "Ndiyo, mama," ukaenda kubeba maji ya wageni. Hakuna mwingine aliyesikia. Kule Chanji sikuwa nakulinda nilipokuwa nakujibia. Niliogopa utalisema lile neno mbele ya mtu.

Nikamwomba yule binti akupigie, akuombe radhi kwa niaba yangu. Akakataa, kama alivyomkataa jogoo. Eti hilo ni langu mwenyewe, nalo siwezi kumbebesha yeye. Nikatoka nimenuna, nikanuna mpaka jana.

Haya, nalisema mwenyewe. Neno lile lilikuwa baya na halikuwa kweli. Siku ile ya ajali mvua ilikuwa inakuja, mahindi nimeyaanika nje, na ni mimi niliyempigia baba yako simu nikamwambia, "Mwambie Deo akimbize." Wewe ulikimbiza kwa sababu mama yako kasema. Nisamehe, mwanangu.

Hasira ya kuondoka bila kuniaga bado ninayo, sikufichi. Na wewe njoo na yako, unifokee hapa hapa nyumbani, nitasikiliza mpaka umalize. Jogoo bado yupo, nimekataa kumchinja mpaka uje. Alhamisi nitakusindikiza Chanji. Utaingia peke yako, na ukitoka sitauliza ulichosema.

Nipo nje, kwenye benchi,
Mama yako