Gari Linavuja, na Mama Rehema Hajui

Njinjo, Jumapili jioni. Mvua ilipiga mchana, sasa imekatika, uani kumejaa madimbwi. Mikono yangu bado inanuka salfa.

Naanza kwa kusema ukweli, maana wengi wanaosoma hapa hawanijui kwa sura. Naogopa. Wiki nzima naogopa, ule woga wa kula chakula ukimaliza hujui umekula nini.

Chanzo ni gari. Ni gari la mtumba, nililinunua Dar kwa ajili ya duka langu la pembejeo, na lina kile kidirisha cha kioo juu ya paa ambacho mafundi wa mjini wanakiita sanrufu. Sikukihitaji. Nani hapa Njinjo anahitaji jua la ziada? Lakini lilikuja nacho, na kwa ushamba wangu nikawa nakifungua kila nikipita sokoni, ili watu waone.

Sasa kinavuja.

Nilijua Jumatatu. Nilikuwa natoka Nangurukuru na mbegu za mahindi, peke yangu, mvua ikanikuta katikati ya pori, mahali ambapo hakuna hata banda la mkaa. Tone la kwanza lilinipata shingoni nikadhani ni jasho. Baada ya muda maji yakaanza kutiririka karibu na taa ya ndani, yakashuka upande wa abiria, kapeti ikalowa chapachapa. Kisha taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, vitasa vya milango vikajifunga na kujifungua vyenyewe, injini ikazima.

Nikawasha. Kimya. Nikatazama simu, hakuna mtandao.

Nilikaa mle mpaka mvua ilipopungua, na muda wote nilikuwa nageuka kutazama kiti cha nyuma. Hakukuwa na mtu. Lakini mimi nilikuwa namwona mke wangu amelala pale, ameshika tumbo, ananiuliza mbona tumesimama.

Zuhura ana mimba kubwa, ni mwezi huu huu. Mtoto wetu wa kwanza, Rehema, alizaliwa kwa kupasuliwa, na nesi wa zahanati ametuambia waziwazi kwamba huyu wa sasa asijaribu kuzaliwa kijijini, lazima twende hospitali Kivinje, kwa njia ile ile ya Nangurukuru. Alituambia pia kwamba ingekuwa vizuri Zuhura atangulie, akae karibu na hospitali angoje siku yake. Shangazi yake anaishi Kivinje na nyumba ina nafasi. Zuhura akakataa. Huu ni wakati wa kupanda, Rehema ana homa za hapa na pale, na yeye mwenyewe hapendi kukaa kwa watu akihudumiwa kama mgonjwa. Jibu lake kwa kila anayemshauri ni moja: gari si lipo uani?

Mama yangu akasikia gari lipo, akatulia. Nesi akasikia gari lipo, akatulia. Nyumba nzima inalala usingizi kwa sababu ya lile gari.

Jumatatu ile injini ilikuja kuwaka nilipojaribu tena, baada ya kukauka kidogo. Nilifika nyumbani nimechelewa, nimelowa, na Zuhura akaniuliza kulikoni. Nikasema pancha. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na likishatoka ndiyo hivyo tena.

Shemeji yangu Shabani, kaka yake Zuhura, alikuja katikati ya wiki kutuletea samaki wakavu, akabaki kwetu. Yeye kazi yake ni kutengeneza mashua huko Kivinje. Nilimwonyesha paa linavuja, nikanyamazia habari ya kuzima. Akakizunguka kile kioo, akapitisha kidole kwenye mpira wake, akasema, "Shemeji, hiki nacho ni chombo. Niachie mimi."

Akakitia kalafati. Sitanii. Alisokota pamba, akailoweka kwenye sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, akaishindilia kuzunguka kioo chote kwa bisibisi na nyundo ndogo, taratibu, kwa ufundi kabisa. Nikasimama pembeni nikimwamini, kwa sababu ni kweli sijawahi kusikia mashua ya Shabani ikizama. Kwetu pwani kitu kikiingiza maji kinazibwa, nani afikirie vingine?

Harufu yake sasa. Gari likawa linanuka papa kiasi kwamba Zuhura alikaribia mlango mara moja tu, akatapika, akarudi ndani. Shabani akacheka, mimi nikacheka naye, huku moyoni najiuliza mwanamke huyu nitampeleka vipi Kivinje ndani ya harufu hii.

Ijumaa usiku ikanyesha kidogo tu. Asubuhi nikaenda kupapasa kapeti upande wa abiria. Maji. Tena mengi kuliko mwanzo.

Nikafunga mlango taratibu, Zuhura asisikie.

Jana nilipanda kile kichuguu nyuma ya shule, ambako simu inakamata mtandao ukisimama vizuri, nikasoma mpaka chaji ikaisha. Kumbe nilikuwa sijui kitu. Ule mpira unaozunguka kioo hauzuii maji yote, wala haukutengenezwa kuyazuia yote. Maji yanayopita yanaangukia kwenye mfereji uliofichwa chini ya kioo, na kila pembe ya mfereji ina tundu lenye mrija mwembamba. Mirija hiyo inashuka ndani ya nguzo za gari na kumwaga maji chini, nje, karibu na matairi. Kwa hiyo mtu hatakiwi kuziba juu. Anatakiwa ahakikishe njia za kutokea ziko wazi. Kama zimeziba, mfereji unajaa, na maji yanamwagika darini.

Nilimweleza Shabani leo asubuhi nikiogopa atakasirika. Hakukasirika. Alisema mashua haina mambo hayo, akaenda kuchukua kisu kung'oa kalafati yake mwenyewe.

Tukakifungua kioo. Tukafuta mfereji kwa kitambaa, ukatoka uchafu wenye nyuzi za pamba ya Shabani ndani yake. Kisha nikachukua birika la kunawia, nikamimina maji kidogo kwenye pembe moja moja huku Shabani amelala chini akiangalia yanatokea wapi. Nyuma kulia, yakatoka. Nyuma kushoto, yakatoka. Mbele kulia yakatoka kwa kusuasua. Mbele kushoto yakasimama. Yalikaa pale yananitazama, hayashuki, mpaka yakapanda ukingo na nikayasikia yakidondoka ndani, pale pale panapolowa kila siku.

Nikaingiza kidole kwenye tundu. Kilitoka na tope la njano. Nikakinusa.

Salfa.

Nilitaka kujicheka. Miezi yote ile ya kiangazi, mikorosho ilipokuwa inatoa maua na kila mtu anapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa maua, gari langu lilikuwa linaegeshwa chini ya mikorosho hiyo hiyo, kivulini. Tena mimi ndiye ninayeiuza. Mifuko iliyokosa nafasi ndani niliifunga juu ya paa, na mmoja ulipasuka nikaona ni hasara ya duka tu. Unga wote ule ulikuwa unazama kwenye mfereji nisioujua, unangoja mvua uwe tope.

Kuzibua kulinitoa jasho. Nilikuwa nimesoma kwamba waya mgumu unaweza kutoboa mrija, au kuuchomoa kwenye tundu lake kule ndani ya nguzo ambako mkono haufiki, na ukichomoka basi maji yote yanaingia ndani ya gari moja kwa moja. Shabani ndiye aliyesema tutumie mshipi wake wa kuvulia, ule mnene, kwa sababu unapinda. Nikausukuma polepole. Ukaenda, ukakwama. Nikauzungusha kati ya vidole, nikausukuma tena. Kila ulipogota nilikuwa nahisi ndiyo nimeshaharibu. Tukabadilishana mshipi na maji ya uvuguvugu, kisha tukapuliza kwa pampu ya baiskeli, kidogo kidogo.

Mwishowe Shabani akaita kutoka chini kwamba kuna kitu kinatoka. Kilikuwa uji wa njano, mzito, ukidondoka karibu na bawaba ya mlango. Halafu maji machafu. Halafu maji safi. Nikamimina birika zima, likaisha lote chini, hata tone halikuingia ndani.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kwa muda wa kunywa chai.

Kisha tukainua kapeti ili ikauke, na chini yake, upande wa miguu ya abiria, nikakiona kisanduku cha umeme ambamo nyaya nyingi za gari zinaingia. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Tuliviosha kwa mswaki na spiriti, tukavianika juani, tukavirudisha. Gari likawaka mara moja. Lakini kutu nimeiona kwa macho yangu, na haihitaji maji mapya ili ifanye kazi yake.

Mchana mvua ikaja, mvua kweli. Nikaingia ndani ya gari peke yangu, nikawasha injini, nikakaa. Sikulowa. Darini pakavu, kapeti kavu, nje maji yanamwagika karibu na tairi kama inavyotakiwa. Injini haikuzima. Ila mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili huku gari limesimama, nikisikiliza mlio wake kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa, na nikajua kwamba hata likinguruma hivi hadi kesho sitaliamini. Na kama silijui vizuri mimi ninayeliendesha, Zuhura anaegemea nini?

Ningeweza kunyamaza. Kuvuja kumekwisha, angeshukuru, maisha yangeendelea.

Nilimkuta barazani anachambua mbaazi. Nikamwambia yote: lile pori, taa zilivyowaka, simu bila mtandao, kutu ya kijani. Nikamwambia haikuwa pancha. Sikuweza kumwangalia usoni, niliangalia mbaazi.

Aliendelea kuchambua. Nilingoja anilaumu, na ningestahili. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa naogopa siku zote hizi. Nikasema ndiyo. Akasema alikuwa ameona kitu, ila alidhani kuna habari mbaya nesi amenipa na namficha, na kwa hiyo naye alikuwa hapati usingizi.

Kisha akasogeza ungo pembeni.

"Basi tusingoje uchungu," akasema. "Nipeleke kwa shangazi kesho asubuhi."

Nikamuuliza, na gari likizima njiani je?

"Likizima asubuhi nitashuka, nitakaa kivulini na wewe mpaka apite mtu. Likizima usiku na uchungu umenishika, Baba Rehema, nitashuka niende wapi?"

Nikaenda kusugua paa kwa sabuni, harufu ya papa ipungue.

Nimemwita mama aje alale na Rehema. Shabani tunaondoka naye, akae mbele. Zuhura yuko chumbani anapanga kanga zake kwenye begi, namsikia akimweleza Rehema kwamba atarudi na mtoto. Rehema anauliza kama na baba atarudi, na mama yake anacheka.

Mimi sijaacha kuogopa. Nikimaliza kuandika hapa nitaenda kupapasa kapeti tena, najijua. Lakini saa ya kuondoka ameichagua yeye, akiwa anajua kila ninachokijua, na kesho jua likipanda tutakuwa tumeshavuka lile pori au tumekaa kando yake, wote, tukingoja.