Nilivyoisingizia Saumu

Alhamisi, 20 Machi 2025

Rukaya kaja saa nne asubuhi, uchungu wa mimba ya kwanza, kaletwa na mama mkwe wake, Bi Mwanajuma. Midomo mikavu. Kafunga! Nikasikiliza moyo wa mtoto: 180 kwa dakika. Haitakiwi kupita 160. Nikapandwa na hasira. Nimemsema Bi Mwanajuma mbele ya kina mama wote wa kliniki — mnamkausha mtoto tumboni, akifa mnasema kazi ya Mungu. Akaanza, "Sista, tangu juzi—" Nikamkatiza. Miaka sita niko hapa deltani, Ramadhani zao nazijua. Nikamlaza Rukaya ubavu wa kushoto, nikamtundikia dripu, nikaenda zangu kuchanja watoto.

Saa saba, 184. Tabibu Damas karudi, kamgusa paji la uso tu. Huyu anaungua, umempima joto? Sijampima. Thelathini na tisa. Chupa ilipasuka lini? Juzi alfajiri, akajibu Bi Mwanajuma, maji yanatoka tangu hapo. Ndilo alilotaka kuniambia. Maambukizi, siyo kiu.

Damas akamchoma antibayotiki, akaita boti. Maji yameshakupwa. Saa nne yalikuwa yamejaa — ningeuliza swali moja tu, wangeondoka. Tumekaa mpaka saa kumi na moja, boti imelala kwenye tope, mimi nahesabu moyo kila robo saa. 186. 190. Mjinga mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Kibiti, hospitali. Wamempasua. Mtoto wa kiume, hakulia. Yuko kwenye oksijeni. Barua ya rufaa kaandika Damas, kila kitu kimo isipokuwa yale masaa niliyokuwa nachanja. Daktari hakuuliza. Sikusema.

Jumamosi, 22 Machi

Mtoto kapata degedege mara mbili. Bi Mwanajuma hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Kanishika mkono, mtu mzima yule, analia. Rukaya alitaka mwenyewe kufunga, yeye akamruhusu. Sasa maneno yangu ya kliniki yamemfikia mwanawe, mume wa Rukaya: nesi kasema ni saumu. Mwanawe hapokei simu yake tena.

"Niambie kweli, sista. Mimi ndiye niliyemuua mjukuu wangu?"

Hajafa, Bi Mwanajuma. Nimejibu hilo tu. Nikasema naenda msalani mara moja.

Niko msalani, nusu saa sasa, naandika. Kanifuata mpaka mlangoni. Anauliza kama naumwa, amwite daktari.