Kipande cha Odalys Bado cha Moto

Jumatatu, 5 Februari 2018

Leo nimebuni njia nzima ya ufundi, kutoka sekondari hadi chuo. Peke yangu!

Basi, uongo. Njia walishaichora ukutani, visanduku na mishale. Mimi nilileta kolache, yale maandazi yenye plamu. Kamati ya shule na chuo lazima iwe na fundi, na mafundi wengine wote wako kazini. Niliyeacha shule darasa la kumi ndiye mshauri wa elimu – Nebraska tumekwisha.

Ila swali moja niliuliza. Kisanduku cha mwisho cha sekondari: somo la Kuchomelea Pili. Cha kwanza cha chuo: Kuchomelea Kwanza. Mtoto ameshaingia ndani, mnamrudisha mlangoni akafute viatu? Dokta Halvorsen, mkuu wa ufundi chuoni, akasema chuo hakiwezi kuamini alama za sekondari. Mwalimu Trudy wa sekondari akanikanyaga chini ya meza. Kolache zangu lakini alikula nne.

Alhamisi, 8 Februari

Karakana ya shule, ninakojitolea kufundisha. Odalys Barrientos, mwaka wa mwisho. Mshono wake umelala kama magamba ya samaki. Nikamwambia umepinda. Akasema, Babu Emil, kilichopinda ni miwani yako.

Kisha akazima mashine. Wakimrudisha mwanzo, chuo haendi. Juni ataingia machinjioni, asimame na mama yake kwenye mstari wa kukata nyama. Alisema kama anayesoma ratiba ya basi.

Nikamwashia mashine tena, bila utani. Mimi!

Ijumaa, 9 Februari

Nimempigia Halvorsen. Huamini alama? Amini chuma. Odalys apimwe kwa mtihani wenu wenyewe: aunge mabamba mawili, mshono ukunjwe kwenye mashine. Usipopasuka, anaingia Kuchomelea Pili, na mshale uchorwe upya kwa watoto wote. Ukipasuka, nanyamaza hadi kaburini.

Akakubali upesi mno. Na wewe mzee, utachomelea? Anacheka!

Nikasema nitakifundisha chuo chake kizima.

Jumanne, 20 Februari

Chuoni. Naandikia gotini, mikono ina masizi.

Nilianza mimi. Mshono safi, nakiri mwenyewe. Nikakichovya kipande kwenye ndoo ya maji kipoe – haraka ya miaka hamsini. Mashine ikasukuma. Tak! Kikapasuka kama biskuti. Chuma cha moto hakichovywi, kinakuwa kikavu ndani na kuvunjika upesi, hilo nimelihubiri kwa watoto tangu Septemba. Vijana wa chuo wakapiga makofi. Mzee, tukurudishe Kuchomelea Kwanza? Nikawaambia niwekeeni kiti cha mbele.

Odalys hakucheka. Amemaliza chake, kiko juu ya tofali, bado cha moto. Amekunja mikono kifuani. Anangoja.

Halvorsen hangoji. Ana kikao saa nane. Anatazama saa, anatazama ndoo. Ameshika koleo! Odalys amefungua mdomo, ameufunga. Msichana wa sekondari atamwambiaje Dokta?

Mimi ninaweza. Nachana nusu ya ukurasa huu, nimsukumie mezani, nisimuaibishe mbele ya vijana wake:

Dokta, lile trela la mashua yako nililiunga Julai, nawe ukasema, Emil, nina deni lako. Nalidai leo. Weka koleo chini. Robo saa tu, kipoe chenyewe.