Kwa Baba Yetu Pantaleo, Uliyeuawa na Mbwa wa Jirani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu mbwa wa Damasi akuangushe njiani hapa Nangara, tarehe 9 Machi 1984.

Ulikuwa mtu wa sauti ya chini. Hata Malkia, yule mbwa mkubwa ambaye padri alikuachia alipohama, hukumpigia kelele. Majirani walicheka ulipomlaza sebuleni. Lakini hakugusa chakula mpaka umwambie, na mgeni akibisha hodi alikwenda mwenyewe kulala kwenye gunia lake. Chini ya ua wa minyaa ulipanga mawe asichimbe, na kila jioni ulitikisa komeo la geti kabla ya kunawa.

Damasi alipoomba mtoto wa Malkia ulimpa bure, ukamwelekeza: "Usimfunge mchana kutwa, wala usimpige. Mbwa mkubwa namna hii akiogopa watu, atawaumiza."

Akakujibu, "Mzee, mimi nataka mlinzi, sitaki mtoto wa kulea." Akamfunga mnyororo mlangoni pa stoo yake, akamshindisha na njaa ili awe mkali.

Mnyororo ulikatika Natalia akipita na ndoo ya maji. Ulijitupa kati yao. Binti yako hakupata hata mkwaruzo; wewe ulichanwa paja, damu ikawa haikatiki.

Mama alimpigia Damasi magoti mbele ya stoo yake. "Baba Aminiel, washa gari, mtu anakufa!"

"Mama Sylvesta, petroli hakuna nchi nzima. Mimi niitoe wapi?"

Tulikubeba kwa kitanda. Ulikata roho kabla hatujafika sokoni.

Yule mbwa alipigwa risasi siku ile ile. Yeye tulimhurumia. Bwana wake hapana. Mama alipokuwa amepiga magoti pale, alisikia harufu ya petroli ikitoka chini ya mlango wa stoo. Siku ya nne baada ya kukuzika aliwaongoza polisi hadi kwenye stoo hiyo. Wakatoa mapipa matatu, yamejaa. Mahakamani Mama alisema yote bila kutoa chozi, na Damasi akafungwa miaka saba kwa kuficha petroli.

Amemtuma mkewe mara mbili kutuomba msamaha. Mama alimkaribisha maji, akamwambia, "Wewe sina ugomvi nawe. Yeye mwambie, siku atakayotoka atanikuta mlangoni pa gereza."

Unakumbukwa na mkeo Rosalia, wanao Sylvesta na Natalia, dada yako Ursula wa Sigino, na wajukuu wote.

Wewe, Baba, hatutakusahau kamwe. Na Damasi naye hatutamsahau.